Vipimo vya Mheshimiwa

Sare mpya zilifika Jumatatu ndani ya maboksi saba, na kabla ya chai ya saa nne kila mtu wa ghorofa ya chini alikuwa ameshajua saizi ya mwenzake. Siri ya mshahara mtu anaweza kuzikwa nayo, lakini siri ya kiuno haimalizi asubuhi.

Msimamizi mpya alisimama nyuma ya meza ya stoo, futi ya kupimia shingoni, rundo la fomu mkononi. Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye haraka. Nasema hili mapema kwa sababu atakayesikia habari hizi atatafuta mtu wa kumlaumu, na huyu atakuwa wa kwanza kuonekana. Si yeye.

"Njoo, mzee wangu," alisema.

Aliyeitwa alikuwa mtu wa mlangoni. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kuvuta ule mlango mkubwa wa kioo, kuinamisha kichwa kidogo, kusema karibu sana, na kuwaonyesha wageni lifti ilipo. Wenzake walimwita Mheshimiwa kwa sababu ya tumbo. Lilikuwa tumbo la juu, la mviringo, lililoanza kumtangulia miaka miwili nyuma, na aliyepita hapo hakukosa neno: mambo yamekunyookea, Mheshimiwa; mama anakulisha nini; tukumbuke na sisi ukiingia bungeni. Yeye alijifanya kukereka, kumbe utani ule aliupenda kuliko chai.

Msimamizi alimzungushia futi, ikabidi aukumbatie mwili wa mzee ili ncha mbili zikutane. Watu wa stoo wakakohoa kicheko. Kwenye fomu palikuwa na visanduku vitatu vyenye maneno ya Kiingereza, kimoja cha wembamba, kimoja cha watu wa kawaida, na cha tatu kimeandikwa "portly." Msimamizi akatia alama kwenye hicho cha tatu.

"Hilo ndiyo nini?" Mheshimiwa aliuliza.

"Ni kipimo tu, mzee wangu. Kiwanda ndicho kinachoita hivyo."

"Ni saizi ya wenye nazo," alidakia mtunza vifaa, aliyeitwa Stoo kama chumba chake, ambaye mdomo wake haukuwa na breki. "Hiyo hata benki wanakukopesha bila dhamana."

Wakacheka, naye akacheka. Kisha msimamizi akasema, bila kuinua macho, kwamba wote wa kisanduku cha tatu wataonwa na daktari wa kampuni mwisho wa mwezi. Presha, sukari, damu kidogo. Ni utaratibu mpya.

"Na asiyepita?"

"Tutaona, mzee wangu."

Mheshimiwa alikunja sare zake chini ya kwapa akaondoka. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na neno tutaona alishalisikia mara nyingi pale mlangoni likiambiwa watu ambao hawakurudi tena.

Nyumbani kwake chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani. Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mumewe akimtania. Cherehani ilikaa dirishani, pasi juu ya kigoda chake, vitambaa vya wateja kwenye kamba iliyofungwa toka ukuta hadi ukuta, na juu ya rafu daftari lenye jalada gumu ambamo kila aliyewahi kushonewa humo ndani alikuwa na ukurasa wake.

"Hebu livae," Fundi alisema.

Alivaa koti. Tumboni lilikaa sawasawa, vifungo vikafungika bila ugomvi. Lakini mabega yalimwanguka hadi nusu ya mkono, na mikono ya koti ilimeza vidole.

"Wameshona gunia," Mheshimiwa alisema. "Huko viwandani hawajui kupima."

"Wanapima tumbo tu, halafu mengine wanakisia. Vua, nitalirekebisha."

Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa. Mikono yake ndiyo haikuwa ya kawaida. Ilishika kola ya koti kana kwamba koti lingeanguka. Kwa sababu Fundi alijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua duniani, na alikuwa anakijua kwa inchi.

Miaka miwili nyuma, asubuhi moja, suruali ya Mheshimiwa ilikataa kufunga. Alisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu, kisha akakaa kitandani. Kaka yake mkubwa alianza hivyohivyo. Tumbo lilianza kama la ukubwa, watu wakamtania, akawa anatoboa matundu mapya kwenye mkanda, na kabla mkanda haujaisha wakamzika. Mheshimiwa hakulitaja jina la kaka yake siku ile. Alisema tu, "Fundi, nguo hii imerudi kwenye maji, mbona imebana?" Naye Fundi, kwa kumhurumia, na kwa hofu yake mwenyewe aliyokuwa hataki kuiangalia usoni, akajibu, "Imerudi. Niachie."

Fundi yeyote mzuri huacha nafasi kwenye mshono, ile inchi inayolala ndani ya nguo ikisubiri mwenye nguo abadilike. Nguo za mumewe aliziachia inchi mbili kila upande. Siku ile alifumua, akaachia inchi moja, akapiga pasi mpaka alama ya mshono wa zamani ikapotea. Jioni suruali ikafunga. Uso wa mumewe ulirudi, akala, akacheka na taarifa ya habari. Baada ya hapo Fundi aliachia kila suruali na kila shati, robo inchi kwa robo inchi, siku za kufua. Nafasi zilipoisha aliunga vipande vya kitambaa kilekile ubavuni, kwa ustadi ambao mteja angeulipia mara mbili. Mheshimiwa akawa na kauli yake, ya kazini na ya nyumbani: "Kitambi changu ni cha heshima, hakikui. Suruali yangu ni ileile ya mwaka juzi."

Lakini Fundi hakuweza kushona bila kuandika. Hakuthubutu kuandika jina la mumewe, akaandika juu ya ukurasa: Mteja wa Mlangoni. Kiuno, thelathini na sita. Kisha thelathini na nane. Arobaini. Arobaini na tatu. Hilo aliweza kujitetea nalo, wanaume wa umri ule hunenepa. Kilichomkosesha raha ni safu za pembeni. Mabega, kumi na nane na nusu, kisha kumi na nane, kisha kumi na saba. Mkono juu ya kiwiko, kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na nusu. Alikuwa amepima wanene wa kila aina kwa miaka thelathini, na hakuwahi kumwona anayenenepa huku mikono yake inakwisha. Alikuwa anaachia kiuno na kubana mikono katika shati moja. Aliijua maana yake, au alijua kwamba ina maana, na aliogopa. Kwa hiyo alishona.

Siku hiyo ya sare Mheshimiwa hakula vizuri. Binti yao, ambaye alikuwa anafundisha Kiingereza darasa la tano na kwa hiyo hata wazazi wake walimwita Mwalimu, aliporudi kutoka kazini alimkuta baba yake amekaa na koti mapajani, kola imepinduliwa, lebo yenye lile neno juu.

"Mwalimu, hebu nisomee hili neno."

Mwalimu akasoma. Neno alilijua. Alitaka kusema mnene, kisha akautazama uso wa baba yake.

"Ni neno la zamani hilo, baba. Silitumii sana. Ngoja kesho nikaliangalie kwenye kamusi kubwa ya shule."

"Liangalie vizuri. Mpaka lilikotoka. Mtu hawezi kutembea na neno mgongoni halafu halijui."

Kesho yake Mwalimu alirudi na nusu karatasi ya daftari la mazoezi, mwandiko wake wa ubaoni. Wote watatu walikaa kwenye chumba cha cherehani. Alisoma amesimama, kwa mazoea.

"Limetokana na neno la zamani la kubeba. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, Wafaransa kwenye Kilatini."

"Kubeba mzigo?"

"Mwanzo kubeba chochote, baba. Halafu likawa kujibeba. Jinsi mtu anavyosimama, anavyotembea, anavyoingia mahali watu wakageuka. Kwa hiyo mtu wa hivyo, zaidi ya miaka mia nne nyuma, alikuwa mtu mwenye haiba. Mwenye umbo la kuheshimika."

Tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo wa Mheshimiwa likahamia upande wa pili.

"Mama Mwalimu, umesikia?"

"Nimesikia."

"Haiba! Na wale wajinga wanakohoa!" Alisimama, akatembea toka mlangoni hadi kwenye cherehani, mkono mmoja mgongoni. "Miaka ishirini na miwili nafungua mlango, leo ndiyo nimepata anayejua ninavyosimama. Kiwanda, tena cha mbali huko!"

Walicheka, wote watatu. Nakiri kwamba ilikuwa jioni nzuri. Mwalimu alimpa baba yake ile karatasi, naye akaikunja mara nne akaitia mfuko wa kifuani.

Kulikuwa na mstari mmoja zaidi kwenye kamusi ambao Mwalimu hakuunakili. Ulisema kwamba maana ile ilishashuka zamani, na kwamba siku hizi neno ni la adabu tu, husemwa kwa mwanamume mnene wa makamo pale mtu asipotaka kumwambia mnene. Aliuacha kwa mapenzi. Kilemba cha ukoka kimoja, kwa mzee mmoja, kitamdhuru nani?

Daktari wa kampuni alitarajiwa Ijumaa. Alhamisi Mheshimiwa alimkuta msimamizi karibu na lifti, akamwomba dakika mbili.

"Dada, wewe umesoma. Lakini hili neno uliloniandika, unajua linakotoka?"

"Neno gani, mzee wangu?"

Akaitoa karatasi. Hakuhitaji kuisoma, alikuwa ameihifadhi yote. Alimweleza habari ya kubeba, na ya kujibeba, na ya mtu akiingia mahali watu wakageuka, na alipofika kwenye haiba akanyoosha mabega yake ndani ya koti ambalo mkewe alikuwa amelibana likamkaa kama lililozaliwa naye. Msimamizi alikuwa na watu kumi na mmoja wa kupanga foleni, gari moja bovu, na bosi anayepiga simu kila robo saa. Kwa mara ya kwanza wiki ile alicheka kwa moyo.

"Kumbe nimekuandika mfalme."

"Umeniandika mwenyewe, kwa kalamu yako. Sasa mfalme anapimwa mkojo?"

"Mzee wangu wewe! Unaumwa popote?"

"Hata ukucha."

"Mwili haujaongezeka karibuni?"

"Suruali yangu ni ileile ya mwaka juzi. Mke wangu ni fundi, muulize."

Msimamizi hakumuuliza. Alimtazama mzee aliyesimama wima, aliyenyolewa vizuri, anayenukia sabuni, akaona aibu kumpanga kwenye foleni na kichupa. Alichukua kalamu, akafuta jina lake kwa mstari mmoja.

Jioni ile Mheshimiwa aliingia nyumbani akiwa amevimba kichwa.

"Nimesamehewa! Wenzangu kesho kutobolewa vidole, mimi mlangoni kwangu."

Fundi alikuwa kwenye cherehani. Aliinua mguu kwenye pedali na mashine ikanyamaza. Nataka ijulikane kwamba alijaribu.

"Baba Mwalimu, lakini ungeenda tu."

"Kufanya nini?"

"Kupimwa. Hakuna ubaya. Mtu anapimwa, anarudi."

Mumewe alimgeukia. Furaha yote ilikuwa bado usoni, ila nyuma yake Fundi aliiona ile asubuhi ya kwenye kioo, na yule kaka wa matundu ya mkanda.

"Kwani umeona nini? Wewe si ndiye unayefua nguo zangu, unazipiga pasi, unazijua kuliko mimi? Zimebadilika?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Daftari lilikuwa rafuni, hatua mbili. Mwalimu alikuwa jikoni anasikia. Fundi alitazama kitambaa kilichokuwa chini ya sindano, gauni la mtoto wa mtu, la rangi ya samawati.

"Hazijabadilika," alisema.

"Basi."

Akarudisha mguu kwenye pedali.

Miezi mitano ilipita, na kitu cha kwanza kubadilika kikawa mlango. Ulianza kuwa mzito. Mheshimiwa alilalamika kwa fundi wa jengo, ambaye alikuja na kopo la grisi, akaupaka, akausukuma kwa kidole kimoja.

"Mlango mzima, Mheshimiwa."

"Kwako. Uvute toka huku."

Akauvuta toka huku kwa kidole kilekile. Baadaye Mheshimiwa akawa anauvuta kwa mikono miwili, na siku moja mwanamke mfupi aliyebeba mafaili alimkuta anahangaika, akaweka mafaili chini, akamfungulia yeye. "Pole, baba," alisema, akapita. Mheshimiwa alibaki ameshika mpini wa mlango ambao si yeye aliyeufungua. Hakulisimulia hilo nyumbani.

Viatu vikafuata. Miguu ilivimba ikifika saa sita, soksi zikaacha mfereji kwenye nyama. Fundi alikata mpira wa soksi, akashona mwingine uliolegea. Mwalimu ndiye aliyeyaona macho, mchana wa Jumapili, baba yake alipogeuka kumwomba chumvi. Weupe wa macho ulikuwa umeingia manjano.

"Baba, kesho twende hospitali."

"Kesho kuna wageni wa mkutano. Alhamisi."

Alhamisi alikwenda kazini kwanza, hospitali iwe jioni, lakini jioni hiyo hakuifika. Saa tano asubuhi alikaa kwenye kiti cha wageni, kile ambacho mfanyakazi haruhusiwi kukigusa hata kwa kukifuta vumbi bila sababu. Stoo alimwona kwa mbali akapaza sauti, "Leo Mheshimiwa ana kikao!" Alikuwa ameshafika nusu ya ukumbi na kicheko chake ndipo alipouona uso, akaanza kukimbia.

Daktari wa hospitali alikuwa mwanamume wa makamo, kalamu nyuma ya sikio, anayeongea taratibu kama mtu aliyekwishachoka na ubishi. Alimlaza Mheshimiwa kitandani, akamgonga tumbo kwa vidole viwili, akasikiliza, akamgeuza ubavu, akagonga tena. Fundi na Mwalimu walisimama miguuni pa kitanda.

"Tumbo hili lilianza lini?"

"Tumbo lenyewe la siku nyingi," Mheshimiwa alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini kauli ilikuwa ileile. "Ni la ukubwa. Halijaongezeka, daktari. Suruali yangu ni ya mwaka juzi."

Daktari aliishika suruali ya nyumbani ambayo Fundi alikuwa ameileta na kuiweka kwenye ukingo wa kitanda, akaigeuza bila kufikiri, kisha akaikazia macho. Hakuwa fundi, lakini vipande vilivyoungwa ubavuni hata yeye aliviona. Aliinua uso akamtazama Fundi.

Fundi alifungua mkoba wake. Alikuwa amelichukua daftari asubuhi ile alipopigiwa simu, kabla hata ya kuchukua shuka, na njia nzima lilikuwa limemlalia mapajani. Alilifungua kwenye ukurasa akampa daktari.

Daktari alisoma. Alisoma safu ya kiuno ikipanda, kisha za mabega na mkono zikishuka, tarehe kwa tarehe, kwa penseli, mwandiko safi.

"Nani ameandika hivi?"

"Mimi."

"Ni wa nani?"

"Ni wake."

Kitandani Mheshimiwa aligeuza kichwa.

"Mama," daktari alisema, "huyu hakunenepa. Huyu amekonda. Ana miaka miwili anakonda. Hili ni maji." Aliweka kiganja juu ya tumbo. "Ini limeshindwa kazi. Kuna homa ya ini mtu hukaa nayo tangu utoto bila kujua, na mara nyingi ndugu huwa nayo pia. Kuna ndugu aliyefariki hivi?"

Fundi alimtazama mumewe, na daktari akawa amejibiwa.

"Kampuni yenu haipimi wafanyakazi?"

"Ilipima," Mwalimu alisema, kisha machozi yakamtoka kwa nguvu mpaka akashika chuma cha kitanda. "Alisamehewa. Kwa sababu yangu. Baba, kulikuwa na mstari mwingine. Kwenye kamusi. Ulisema siku hizi ni kumwita mtu mnene kwa adabu. Sikuuandika."

"Kwani mimi nilikuwa sijui?" Mheshimiwa alisema.

Walimtazama.

"Si walikuwa wananicheka? Kicheko kina kamusi?" Alipumua, akasubiri pumzi irudi. "Nililitaka lile la haiba. Ndiyo maana sikukuuliza kama neno limeishia hapo." Kisha akamgeukia mkewe, na hapo sauti yake ikabadilika. "Lakini wewe. Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema hazijabadilika."

"Nilisema."

Hakumtukana. Fundi angeshukuru angemtukana. Aligeuka ukutani, na mgongo wake, chini ya shuka la hospitali, ulikuwa mwembamba kama wa kijana.

Nje ya wodi daktari aliwaambia yaliyobaki. Wataondoa maji, atapata nafuu, maji yatarudi. Miezi, si miaka. Mwalimu aliuliza lile swali ambalo lazima mtu aulize, kama angeletwa miezi mitano nyuma. Daktari alihamisha kalamu toka sikioni hadi mfukoni.

"Tungekuwa na la kufanya," alisema.

Walimtoa lita saba kwa bomba jembamba. Aliporudi nyumbani nguo zote zilimpwaya. Alikaa kwenye chumba cha cherehani, kwenye kiti cha wateja, amefungwa shuka, akitazama mashine ikifanya kazi. Kwa siku nne hakumwambia mkewe zaidi ya maji na asante.

Siku ya tano alikuja Stoo. Alikaa ukingoni mwa kiti, mdomo wake kwa mara ya kwanza umepata breki.

"Wanasema sare zirudi," alisema akitazama sakafu. "Si mimi, Mheshimiwa. Kuna mtu mpya anaanza Jumatatu. Koti moja, suruali mbili, tai. Na... wanasema ziwe kama zilivyotoka."

"Huyo mtu ni mnene?" Mheshimiwa aliuliza.

"Mnene kweli. Mzima kama ng'ombe."

"Basi zitamfaa."

Stoo alisubiri. Fundi alilishusha koti kwenye kamba, akachukua kiwembe, akaanza kufumua. Alifumua mabega, akafumua mikono, uzi kwa uzi, akivuta ncha na kuzikusanya kwenye kiganja. Ilimchukua karibu saa nzima. Alipolipiga pasi na kuliinua, lilikuwa limerudi kuwa koti la mtu mkubwa, pana kila mahali, na lebo yake kwenye kola haikuwa hata na doa. Stoo alilipokea pamoja na suruali mbili na tai, akayapapasa mabega kuona kama matundu ya sindano yanaonekana, akaona aibu ya kupapasa, akaaga haraka.

Mlango ulipofungwa Mheshimiwa alisema, "Fundi."

Alikuwa hajamwita hivyo tangu hospitali.

"Abee."

"Njoo unipime."

"Kwa nini?"

"Sina nguo. Nitakaa na shuka mpaka lini?" Alishika mikono ya kiti, akajiinua, akasimama. Shuka likaanguka, akabaki na kaptula. "Nipime nikiwa nimesimama, nakuona. Na usome kwa sauti. Mwalimu, chukua daftari. Huo ukurasa wa mteja wa mlangoni, kata hilo jina. Andika langu."

Mwalimu akakata, akaandika. Fundi alichukua futi shingoni mwake. Miaka miwili alikuwa amempima mume wake kupitia nguo zilizovuliwa, na sasa hakujua aanzie wapi. Alianzia mabegani, kama kwa mteja yeyote.

"Kumi na sita na robo."

"Andika."

"Mkono." Futi ilizunguka ikabaki nyingi. "Tisa."

"Sijasikia."

"Tisa, Baba Mwalimu."

"Andika. Kiuno."

Alimkumbatia kuzungusha futi, na mikono yake ilikutana mapema mno. Alibaki hapo kidogo, shavu kwenye mbavu za mumewe, akijifanya anatafuta namba.

"Thelathini na mbili."

Mheshimiwa alikaa. Jasho lilimtoka kwa kule kusimama tu. Fundi alitandika kitambaa cha kijivu mezani, akachora kwa chaki, akashika mkasi.

"Safari hii usiache nafasi kwenye mshono," Mheshimiwa alisema. "Kata penye mstari. Mtu huyu haongezeki tena."

Mkasi ulisimama. Mwalimu aliinamia daftari asionekane.

"Naacha," Fundi alisema.

"Nimesema usiache."

"Naacha inchi mbili kila upande." Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye kitambaa, yakifanya madoa meusi karibu na chaki. "Nitaziacha, na nakuambia. Unasikia? Nakuambia."

Mheshimiwa akamgeukia binti yake.

"Andika na hiyo," alisema.

Mwalimu akaandika: kiuno, thelathini na mbili. Nafasi, mbili na mbili. Akaweka tarehe.